Maswali Yenu: Halloween kwa Familia Nzima, Kuanzia Mtoto wa Chekechea hadi Bibi

Septemba inapoishia, safu hii hupokea barua nyingi kuhusu Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, kutoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambako maduka huwa yamekwisha kujaa maboga, popo wa plastiki na mifuko mikubwa ya pipi, na ambako watoto hurudi kutoka shuleni wakiuliza familia yao itakwenda wapi. Mwaka huu nimechagua barua nne. Nyingine zilikuwa na maswali yanayofanana na haya, na naamini waliozituma watajiona katika majibu.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu. Tuliletwa Des Moines, Iowa, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hii itakuwa Oktoba yetu ya pili hapa. Mwaka jana watoto walilia kwa sababu wenzao wote walikwenda kwenye shughuli za Halloween nao wakabaki nyumbani. Mkubwa ana miaka kumi na mitano, wa kati minane, mdogo mitatu, na tunaishi na mama mkwe ambaye goti linamsumbua. Habari za shughuli hizi zinapatikana wapi, na je, ipo moja itakayotufaa sote?

JIBU: Dada yangu, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayowapotezea watu fedha. Shughuli moja ya kumfurahisha kijana wa miaka kumi na mitano na mtoto wa miaka mitatu kwa pamoja ni nadra kupatikana, na matangazo yanayosema "kwa umri wote" mara nyingi humaanisha tu kwamba hakuna atakayezuiliwa mlangoni. Habari njema ni kwamba Halloween ya Marekani haiishii kwenye usiku wa tarehe 31 Oktoba. Ni msimu wa wiki tano hivi, na katika wiki hizo unaweza kumpa kila mtu siku yake, halafu mkabakiza jambo moja dogo la kufanya wote.

Pa kuanzia ni maktaba ya umma iliyo karibu nanyi. Tovuti za maktaba za huko huwa na kalenda ya matukio, na kalenda hizo kwa kawaida hukuwezesha kuchagua umri, yaani watoto wachanga, wa shule ya msingi, vijana, watu wazima, ukaonyeshwa yanayowahusu hao tu. Katika Oktoba utakuta vipindi vya hadithi ambavyo watoto huja wamevaa mavazi ya kuigiza, gwaride la watoto wadogo kuzunguka rafu za vitabu, meza za kupaka maboga rangi, na mara nyingine siku ya kubadilishana mavazi yaliyokwisha kuwabana watoto wa wengine. Haya yote kwa kawaida ni ya bure. Mtoto wako wa miaka mitatu hahitaji zaidi ya hapo. Saa moja ya maktaba asubuhi ya Jumamosi itamtosha kuliko bustani yenye taa elfu ambayo atailalia begani mwako.

Baada ya maktaba, tazama matangazo ya idara ya jiji inayoshughulikia bustani na burudani, kisha zile karatasi zinazorudi ndani ya begi la shule, ambazo wazazi wengi huzitupa kwa kudhani ni mambo ya ada. Mara nyingi humo ndimo huwa mwaliko wa jioni ile ambayo magari hupangwa katika maegesho ya shule au ya kanisa, buti zikafunguliwa na kupambwa kwa utando wa buibui na mafuvu ya karatasi, na watoto wakapita kutoka gari hadi gari wakipewa pipi. Kwa familia yenu naipendelea jioni hiyo kuliko kuzunguka mitaani, kwa kuwa hakuna barabara ya kuvuka, eneo ni dogo, na mama mkwe anaweza kuwekewa kiti chake cha kukunja karibu na gari lenu akawaona wote.

Kwa yale ya kulipia, bustani ya wanyama ya Blank Park Zoo imezoea kufungua milango jioni za Oktoba kwa ajili ya watoto waliovaa mavazi ya kuigiza, na Living History Farms iliyoko Urbandale, kilomita chache kutoka kwenu, hufanya jioni za Halloween kwa familia ndani ya mji wake wa kale wa maonyesho. Kabla ya kununua tiketi yoyote, piga simu uulize mambo matatu: shughuli imetengenezwa kwa umri gani, saa zipi huwa na watu wachache, na kiingilio kinajumuisha nini hasa. Hili la tatu ni muhimu kwenye mashamba ya maboga, ambako unalipa getini, kisha boga linapimwa na kulipiwa mbali, na wakati mwingine trela la majani makavu linalokokotwa na trekta lina bei yake, na kikombe cha sharubati ya tufaha ya moto nacho kina bei yake. Familia ya watu sita inaweza kuondoka imetumia fedha ya chakula cha wiki bila kuona ilikokwenda. Kama mnatumia kadi ya EBT ya msaada wa chakula, uliza pia kama mahali hapo pamo katika mpango wa Museums for All, ambao huwawezesha wenye kadi hiyo kuingia makumbusho na baadhi ya bustani za wanyama bure au kwa dola 3 au pungufu kwa kila mtu. Lakini thibitisha kwanza, kwa sababu matukio maalumu ya usiku huenda yasihusishwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mji wenu unalo na miji mingine mingi haina. Huko Des Moines, tangu mwaka 1938, watoto wana desturi ya kupita nyumba kwa nyumba katika usiku unaoitwa Beggars' Night, yaani Usiku wa Waombaji, ulioanzishwa ili kuwatuliza vijana waliokuwa wakiharibu mali za watu, na mtoto hapewi pipi mpaka amtolee mwenye nyumba kichekesho au fumbo. Kwa miongo mingi usiku huo ulikuwa tarehe 30 Oktoba, si 31, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, lakini tarehe imewahi kubadilishwa, kwa hiyo fuata tangazo la jiji la mwaka huu na si maneno ya jirani. Mtoto wako wa miaka minane asihangaike kukariri vichekesho vya Kiingereza vya wenzake. Mfundishe kumwambia mwenye nyumba, kwa Kiingereza chake hicho hicho cha darasa la tatu, "Nyumba yangu haina mlango," halafu anyamaze. Watu wazima watakisia kaburi, watakisia pango, na yeye atajibu "yai" na kuondoka na pipi mbili badala ya moja.

Na mama mkwe je? Yeye abaki nyumbani na bakuli la pipi mapajani, taa ya nje ikiwa imewashwa, akiwapokea watoto wa mtaa mzima na vichekesho vyao. Wazee wengi walioandikia safu hii wamesema hiyo ndiyo siku waliyowajua majirani zao kwa mara ya kwanza. Kijana mkubwa ndiye amsindikize huyo wa miaka minane, na wasizunguke bila tochi, kwani jua la mwisho wa Oktoba huko huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la tiba la JAMA Pediatrics, uliopitia takwimu za ajali za Marekani za kuanzia mwaka 1975 hadi 2016, ulikuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za kawaida za majira hayo, na waliokuwa hatarini zaidi ni watoto wa miaka minne hadi minane. Nguo nyeusi za mzimu zibandikwe utepe unaong'aa, na koti livaliwe ndani ya vazi badala ya juu yake, la sivyo mtoto atalivua kwenye nyumba ya tatu ili joho la mfalme lionekane.

SWALI: Tunaishi Lynn, Massachusetts. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Unguja katikati ya Oktoba, na watoto wangu, wa miaka sita na kumi na miwili, wanataka tumpeleke Salem kwa sababu kila mtu husema ndiko kwenye Halloween ya kweli. Je, panafaa kwa mama mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, au ni msongamano mtupu?

JIBU: Ni msongamano kweli, lakini panafaa, mradi uchague siku. Salem imekuwa na tamasha lake la Haunted Happenings tangu mwaka 1982, linachukua Oktoba nzima, na katika miaka ya karibuni mji huo mdogo umepokea zaidi ya wageni milioni moja katika mwezi huo mmoja. Jumamosi za mwisho wa Oktoba barabara hufungwa, maegesho hujaa kabla ya adhuhuri, na foleni ya choo hupita ya makumbusho. Mpeleke Jumanne au Jumatano asubuhi, mfike kabla ya saa nne, muwe mmeondoka alasiri. Acheni gari nyumbani. Treni ya abiria kutoka kituo cha North Station mjini Boston hufika Salem kwa takriban nusu saa, na nyinyi mpo njiani.

Mtoto wa miaka sita atafurahia kutazama tu watu waliovaa mavazi ya ajabu kwenye Essex Street, barabara ya waenda kwa miguu ambako burudani kubwa haina tiketi. Huyo wa miaka kumi na miwili atataka kuingia kwenye majumba ya vitisho. Mwache achague moja, na umwambie mapema kwamba ni moja tu, kwa kuwa yako mengi na mengine ni sanamu za nta zenye vumbi na bei isiyolingana nazo.

Lipo jambo ambalo ningependa mlifanye kwa utulivu. Mwaka 1692 mji huo uliwahukumu watu kwa tuhuma za uchawi. Kumi na tisa walinyongwa, na mzee mmoja aliyekataa kujibu mashtaka alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Kumbukumbu yao, iliyozinduliwa mwaka 1992, iko kando ya makaburi ya zamani ya mji: mabenchi ya mawe yaliyotokeza ukutani, kila moja likiwa na jina la mtu, tarehe na namna alivyouawa. Utawaona watalii wakiketi juu yake wakila chipsi. Mama yako anatoka nchi ambayo hadi leo vikongwe wameuawa katika baadhi ya mikoa ya bara kwa tuhuma hizo hizo, na sidhani kama atahitaji kuelezwa mengi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, yeye, aelezwe.

Halafu mfanye jambo ambalo wenyeji wengi wa Salem wenyewe hawalikumbuki. Mpelekeni mama kwenye gati la Derby, ambalo ni tambarare, lenye urefu wa karibu nusu maili hadi kwenye mnara mdogo wa taa, na lenye upepo wa bahari atakaoufahamu. Manahodha na wafanyabiashara wa Salem walikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kufanya biashara na Unguja katika karne ya 19. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Meli zao zilipakua kule kitambaa cha pamba cha viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, na hicho kitambaa ndicho mama yako na bibi yake walichokiita merikani. Jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambalo mizizi yake ni chama cha manahodha hao kilichoanzishwa mwaka 1799, liko hatua chache kutoka kwenye vurugu zote za wachawi wa plastiki. Ndani mna joto, viti na vyoo safi, na kwa mtu wa umri wa mama yako hayo matatu katikati ya Oktoba ni burudani tosha.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka kumi na mitano na ninaishi Roanoke, Virginia. Baba anasema nimekuwa mkubwa mno kwenda kuomba pipi, na rafiki yangu mmoja anasema polisi wanaweza kunikamata. Sasa nifanye nini siku hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hakulitunga jambo hilo. Baadhi ya miji ya jimbo lenu imewahi kuweka kikomo cha umri; mji wa Chesapeake ulikuwa na sheria iliyowazuia waliozidi miaka kumi na miwili, tena ikitaja kifungo, mpaka mwaka 2019 ilipobadilishwa, umri ukapandishwa hadi miaka kumi na minne na kifungo kikaondolewa. Kila mji una kanuni zake, kwa hiyo soma tovuti ya mji wenu au upige simu. Hata pasipo na sheria, kijana mrefu asiyevaa vazi lolote anayenyoosha foronya mlangoni saa tatu usiku huwatia watu wasiwasi, na kijana mweusi, nasikitika kuliandika hili, huwatia baadhi yao wasiwasi zaidi. Ukienda, nenda umevaa kikweli, ukiwa na mdogo wako, na mapema.

Umri wako una mambo mazuri kuliko pipi. Ipo mizunguko ya mashamba ya mahindi, ambamo mkulima hukata vijia vya kupotezea watu, na usiku huingiwa kwa tochi. Lipo gwaride la Greenwich Village mjini New York, lililoanzishwa katika miaka ya 1970 na mtengenezaji wa vinyago Ralph Lee, ambalo mtu yeyote aliyevaa vazi la kuigiza huruhusiwa kuungana nalo akapita Sixth Avenue. Hilo liweke akilini kwa siku utakapokuwa na ndugu wa kukupokea kule. Na wiki hizo maktaba na bustani za mji huhitaji vijana wa kujitolea kusimamia michezo ya watoto wadogo. Uliza kama saa zako zitahesabiwa na shule.

Kuhusu nyumba za vitisho, nawaambia wewe na baba yako kwa pamoja. Hizo ni nyumba ambazo waigizaji hujificha gizani wakakurukia. Mara nyingi mna misumeno ya injini isiyo na mnyororo, milio kama ya risasi na taa za kumetameta, na nyingine hudai sahihi ya mzazi kwa aliye chini ya miaka kumi na minane. Vijana wengi huzipenda sana. Lakini katika familia zilizokimbia vita, wapo watu ambao mlio huo si mchezo hata kidogo, na mara nyingi ni wale wasiosema. Usimburute ndani dada yako mkubwa wala mama yako kwa utani, na kama wewe mwenyewe ukiingia mwili ukakataa, tafuta mfanyakazi aliye karibu umwambie unataka kutoka. Ipo milango ya pembeni kwa ajili hiyo.

SWALI: Mimi ni Mwislamu kutoka Mombasa, na ninaishi Dayton, Ohio, na binti zangu wa miaka saba na tisa. Sitaki washiriki mambo ya mizimu, lakini pia sitaki wakae dirishani wakiwatazama wenzao kana kwamba wameadhibiwa. Kuna njia ya katikati?

JIBU: Ipo, ndugu yangu, na si wewe peke yako unayeitafuta, Wakristo wengi walioniandikia wana shaka hiyo hiyo. Asili ya siku hii ni mkesha wa Watakatifu Wote wa tarehe 1 Novemba, uliochanganyika huko Ireland na Scotland na sherehe ya kale ya kuingia majira ya baridi, ambayo watu waliamini kwamba roho za wafu hutembea. Wahamiaji wa Ireland waliipeleka Marekani katika karne ya 19. Wamarekani wengi wa leo hawaabudu chochote siku hiyo, bali hiyo si hoja ya kumlazimisha mzazi, na uamuzi ni wako.

Ukiamua kutoshiriki, wape binti zako siku yao wenyewe. Mashamba ya Ohio mwezi huo yana matufaha ya kuchuma, trela la majani makavu, mbuzi wa kulishwa na maboga ya kuchagua shambani, na mengi hufanya haya mchana bila mzimu hata mmoja. Katika matangazo tafuta yale yanayojiita ya mavuno au ya majira ya kupukutika majani. Mwandikie mwalimu wiki mbili kabla, umuulize darasa litafanya nini siku hiyo, umwombe binti zako wapewe kazi nyingine yenye heshima badala ya kuketishwa ofisini. Usiku wenyewe zima taa ya nje. Hiyo ni ishara inayoeleweka na kila mtu kwamba nyumba hiyo haigongwi, na hakuna atakayeona umemkosea.

Huenda ukaona, kama walivyoona baadhi ya wasomaji wetu wa Pwani, kwamba kule kupita nyumba kwa nyumba tu, bila vinyago vya kutisha, hakuna tofauti kubwa na watoto wa Mombasa wanavyopita siku ya Idi kudai mkono wa Idi, ukawaruhusu kwenda wakiwa wamevaa kama madaktari au marubani. Hapo jihadhari na pipi. Nyingi za kutafuna, zile laini za kuvutika na hata baadhi ya zile ndogo za rangi tatu mfano wa punje za mahindi, zina jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Kubalianeni kabla ya kutoka kwamba hakuna kinacholiwa njiani, kisha mchambue pamoja mezani mkisoma maandishi ya nyuma, nawe uweke kando chokoleti za kuwabadilishia. Ukiona mbele ya nyumba boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani, jua kwamba hapo hutolewa vitu visivyo chakula, kama penseli au vibandiko. Desturi hiyo ilienezwa nchini kote kuanzia mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wenye mzio wa vyakula, na kwenu itafaa vilevile. Tena angalieni tarehe, maana miji ya Ohio hujipangia siku na saa zake, na si lazima ziwe za tarehe 31.

Na kuanzia tarehe 1 Novemba maboga hushuka bei sana. Kwa kupika kwa tui la nazi na iliki, chukua yale madogo yanayouzwa kwa ajili ya mikate ya boga, kwa kuwa yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na utamu wake ni haba.